Mmea wa ndani kwa nyumba ya Dodoma: tuanze na mbegu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu wajumbe, wazee wetu, mama zangu, vijana, pamoja nanyi nyote mliohamia kwetu kikazi na sasa mmekuwa wenyeji: mbukwenyi!

Ninashukuru kupewa nafasi hii mwishoni mwa mkutano, baada ya hoja nzito za maji na uzoaji wa taka. Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nami sitatoka nje yake: mtu anayeishi Dodoma, awe kwenye nyumba yake au ya kupanga, akitaka mmea wa kijani ndani ya nyumba bila kutumia fedha nyingi, achague mmea gani wa kuotesha kwa mbegu, na kwa nini uwe huo.

Ombi hili lina sababu yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwezi Aprili 2018, nyumba zimejengwa kila upande, Kisasa, Ilazo, Nzuguni hadi Mtumba, na kando ya barabara wamejitokeza wauzaji wa maua ya vyungu. Mkazi mpya hununua chungu kimoja kwa bei inayouma, hukiweka sebuleni karibu na televisheni, hukimwagilia kila siku kwa upendo, na kabla mwezi haujaisha majani yameanza kukauka kuanzia kwenye ncha. Hapo ndipo tunaposikia kwamba Dodoma haikubali maua. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Mmea uliokuzwa chini ya wavu wa kivuli, mahali penye unyevu wa kutosha, umejenga majani yanayofaa huko. Ukiingizwa ghafla kwenye hewa kavu ya chumba chetu unalazimika kuyapukutisha na kujenga mengine, na mimea mingi hufa kabla haijaimaliza kazi hiyo. Mmea ulioota kwenye dirisha lako haujui hewa nyingine. Jani lake la kwanza kabisa limefunguka katika ukavu huu huu, na mizizi yake imekua ikinywa maji haya haya. Kwa hiyo mbegu, mbali na kuwa nafuu kwa bei, ndiyo njia ya busara zaidi kwa mji kama wetu, ulio juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, unaopata mvua zake karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha ukabaki na upepo na vumbi kwa miezi iliyosalia.

Hata hivyo, kabla hatujataja mbegu yoyote, ninaomba kila mmoja akirudi nyumbani alitazame dirisha lake. Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga, na kinachoua mimea mingi ya ndani ni giza ambalo sisi wenyewe hatulioni, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha upesi na kukiona chumba kuwa kina mwanga wa kutosha. Nyumba zetu nyingi za siku hizi zina vioo vya giza. Kwenye vioo pana wavu wa mbu, ndani pana pazia zito la kuzuia vumbi, na nje paa limeshushwa ili kukinga jua. Kila kimoja kati ya hivyo hula sehemu ya mwanga. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mmea, kisha nyoosha mkono juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vikihesabika, hapo mwanga unatosha kwa karibu kila mmea nitakaoutaja leo. Kivuli kikiwa hafifu, hapo panafaa mimea michache yenye uvumilivu, na mingi kati ya hiyo haianzishwi kwa mbegu. Kivuli kisipoonekana kabisa, tundika picha ukutani na uridhike.

Kuhusu upande wa dirisha, ninataka niseme kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanaosoma hupotezwa na kusoma kwao. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humo msomaji huambiwa atafute dirisha la kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa mtu wa London. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba, kipindi ambacho ndani yake mna baridi yetu ya Juni na Julai, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwa upande wa kusini. Dirisha la kaskazini basi lina jua mwezi Juni na halina mwezi Desemba, na la kusini ni kinyume chake. Dirisha la mashariki limeepushwa na mashaka hayo, kwa kuwa hupata jua la asubuhi mwaka mzima, kuanzia saa moja hadi saa nne au tano, jua lenye nguvu ya kutosha lakini lisilo na ukali wa alasiri. Aliye na dirisha la mashariki amebahatika. Mwenye la magharibi anaweza kulitumia pia, ila kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati joto limepanda na mvua bado, asogeze kopo lake hatua moja ndani au ashushe pazia jepesi ifikapo saa nane, kwa sababu joto la karibu na kioo huwa kali kuliko la chumba na mche mchanga huungua.

Sasa tuje kwenye mbegu. Wapo wanaodhani kwamba mmea wa ndani ni lazima uwe wa kigeni. Niwakumbushe kwamba mmoja wa mimea ya ndani maarufu kuliko yote duniani ulitoka hapa nchini. Mwaka 1892, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta kwenye misitu ya Usambara mmea mdogo wenye majani yenye vinyweleo na maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani mbegu zake, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo umejaa madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoumwagilia hawajui kwamba kwao ni Tanga. Ni fahari yetu, lakini mimi siushauri kwa Dodoma. Mbegu zake ni ndogo kiasi cha kupeperushwa na pumzi ya mtu anayezisia, zinataka unyevu usiokatika kwa majuma kadhaa, na baada ya hapo unasubiri miezi mingi kabla ya kuona ua. Usambara ukungu hushuka asubuhi. Hapa kwetu mwezi Septemba nguo ya kwanza hukauka kabla ya ya mwisho kuanikwa. Mmea huo na hewa hii havipatani, na hakuna haja ya kuvilazimisha.

Kwa sababu zinazokaribiana na hizo nitaiacha pia kahawa, ambayo mbegu yake hupoteza uhai ikikauka kupita kiasi na huchukua majuma mengi kuota. Nitaiacha zabibu, japokuwa ndilo zao linaloutangaza mkoa wetu, kwa kuwa mbegu zake kwa kawaida hutaka kupitishwa kwenye baridi kabla hazijaamka. Wakulima wa Hombolo na Makutupora wanaanzisha mashamba kwa vipando, nao wanajua wanachofanya. Parachichi huota kwa urahisi mno, na watoto hufurahi kuona kokwa likipasuka, lakini ule ni mti na unataka uwanja.

Uchaguzi wangu wa kwanza, ndugu zangu, ni mrehani.

Nimeupa nafasi ya kwanza kwa sababu unakidhi masharti yote tuliyojiwekea kwa pamoja: mbegu yake ni ya bei ndogo na inapatikana kwenye maduka ya pembejeo, huota ndani ya siku chache, hupenda jua na joto, na hata kabla haujawa mkubwa unaanza kumlipa mwenyewe kwa harufu na kwa majani ya kutia kwenye mchuzi. Ni wa ukoo mmoja na kivumbasi kinachojiotea kando ya mashamba yetu. Wenzetu wa pwani wanaujua zaidi, kwa kuwa huuchanganya na asumini na mkadi katika kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake. Huku bara hatukuupa heshima hiyo, na nadhani ni muda sasa. Pakiti moja ndogo ina mamia ya mbegu, zaidi ya zile ambazo nyumba moja inaweza kuzitumia kwa mwaka, hivyo majirani watatu au wanne wanaweza kuchangia pakiti moja. Mkiinunua, chagueni iliyofungwa vizuri na yenye tarehe inayosomeka, na msinunue ile iliyokaa kwenye kioo cha duka ikipigwa na jua, kwa kuwa joto huupunguza haraka uhai wa mbegu.

Mbegu ya mrehani ina tabia moja ambayo inatufaa sana. Ukiitia majini, ndani ya dakika chache huvaa ute mweupe unaoizunguka pande zote. Ute huo hushika maji karibu na mbegu, na katika hewa inayokausha uso wa udongo kwa saa chache, hiyo ni akiba ambayo mbegu nyingi nyingine hazina. Lakini kwa sababu hiyo hiyo usiziloweke kabla ya kuzisia, kwani zitashikana vidoleni na hutaweza kuzitenganisha.

Chombo kisikusumbue. Kopo la maziwa, ndoo ndogo ya rangi iliyosafishwa vizuri, au chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa katikati, vyote vinafaa, ilimradi utoboe matundu manne au matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Chombo kisicho na matundu, hata kiwe kizuri namna gani, ni kaburi la mizizi. Udongo ndio unaotaka uangalifu zaidi. Udongo wetu mwekundu ukitumiwa peke yake kwenye kopo hushikamana ukikauka, ukajitenga na kingo za chombo, na maji unayomimina yakapita pembeni bila kuigusa mizizi. Uchanganye na mchanga wa korongoni, nusu kwa nusu, kwa ajili ya kusia mbegu, kisha umwagie mchanganyiko huo maji yanayochemka na kuuacha upoe kabisa. Maji hayo huua vimelea vingi vya kinyausi, ugonjwa unaowafahamu wote waliowahi kuwa na kitalu: miche imeota vizuri, imesimama, asubuhi moja unaikuta imelala, shina limekatika usawa wa udongo na kuwa jembamba na la kahawia. Miche ikishakua na kuhamishwa, hapo ndipo unapotumia udongo wenye rutuba, sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga, na moja ya samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza mpaka ikaacha kunuka.

Lowesha udongo kwanza, usubiri maji yachuje, ndipo unyunyize mbegu kumi au kumi na tano juu yake. Zifunike kwa udongo laini usiozidi nusu sentimita. Nyingi huharibika kwa kuzikwa chini mno. Juu ya kopo funika ile nusu nyingine ya chupa, ili unyevu usitoroke, na uweke mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua kali moja kwa moja, maana chini ya plastiki joto hupanda upesi. Katika joto la msimu huu mbegu zitaanza kuchomoza kati ya siku ya tano na ya kumi. Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi karibu nyuzi 14, zinaweza kuchelewa zaidi ya hapo, na ndiyo maana nimefurahi kwamba mkutano huu umefanyika mwishoni mwa Agosti, baridi ikiwa inaondoka. Mara tu unapoona miche mingi imechomoza, ondoa kile kifuniko. Kukiacha kwa kudhani unaibembeleza ndiko kunakokaribisha kinyausi.

Baada ya hapo miche hupelekwa kwenye jua la dirishani. Ukiona inarefuka, inapauka na kulala kuelekea kwenye kioo, inakuomba mwanga; usiijibu kwa mbolea. Geuza kopo robo mzunguko kila baada ya siku mbili au tatu ili mashina yasimame wima. Ikishakuwa na jozi mbili za majani halisi, mbali na yale mawili ya mwanzo yaliyotoka ndani ya mbegu, acha miche mitatu yenye nguvu katika kila chombo cha lita mbili, na mingine uihamishe au uile. Majani yake machanga ni mazuri kwenye kachumbari.

Kisha linakuja tendo ambalo wengi hulionea huruma. Mche ukifikia kimo cha kiganja, kata ncha yake, juu kidogo ya jozi ya majani. Kutoka kwenye makwapa ya majani yale mawili yatatoka matawi mawili, nayo ukiyakata ncha yatatoa manne. Asiyekata atapata kijiti kirefu chenye majani machache na maua kileleni, kisha mmea utaona umekwishatimiza kazi yake na utaanza kuzeeka. Vile vipande ulivyokata usivitupe vyote: kimoja chenye urefu wa kidole, kikiondolewa majani ya chini na kuwekwa kwenye glasi ya maji dirishani, kwa kawaida hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili, nawe ukawa umepata mmea wa pili bila mbegu. Ninawaambia haya kwa sababu mrehani hauishi miaka mingi. Baada ya miezi kadhaa utachoka, na mwenye hekima huwa tayari ana wa kuupokezana nao.

Niseme juu ya maji, kwa kuwa tumetoka kuyajadili kwa uchungu. Sehemu nyingi za Dodoma tunatumia maji ya visima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Ule ukoko mweupe mnaoukwangua ndani ya birika ndio huo huo unaojitokeza juu ya udongo wa chungu na kwenye kingo zake. Mtu anayemwagilia vijiko vichache kila siku hulundika chumvi hiyo, kwa sababu maji hupaa na yenyewe hubaki, hadi kingo za majani zikaanza kukauka. Dawa yake ni kumwagilia kwa nadra zaidi lakini kwa ukamilifu, mpaka maji yatoke chini ya matundu na kuondoka na chumvi, kisha kuyamwaga yale yaliyobaki kwenye sahani, jambo ambalo pia linawanyima mbu mahali pa kutagia. Kujua wakati, chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Ukikuta pakavu, mwagilia, ukikuta pabichi, subiri kesho. Kuchemsha maji hupunguza ule ukoko wa chokaa, ila chumvi yenyewe haiondoki kwa kuchemshwa. Maji uliyooshea mchele au mboga, kama hukuyatia chumvi, ni mazuri kabisa, na msimu wa mvua maji yanayokingwa kwenye bati ndiyo bora kuliko yote. Chombo cha lita mbili hakitamaliza maji ya mtaa.

Katika miezi ya ukavu yuko mdudu mmoja wa kuangaliwa, naye ni utitiri mwekundu, ambaye hustawi penye hewa kavu na vumbi. Ukiona majani yana vidoa vidogo vilivyopauka na utando mwembamba upande wa chini, uoshe mmea wote kwa maji, hasa chini ya majani, kisha kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, na urudie baada ya siku chache. Majani yanayoliwa yasipigwe sumu za dukani ndani ya nyumba.

Huo ndio mmea wa kuanzia. Kwa yule ambaye ameshauzoea na sasa anataka kitu cha kukaa naye miaka mingi, nina pendekezo ambalo huenda litawachekesha baadhi ya wazee waliokaa pale mbele: mbuyu.

Ndiyo, mbuyu, ule ule unaosimama njiani kwenda Mpwapwa na Kongwa. Ulaya wapo watu wanaoutunza kwenye chungu dirishani, na huko unahesabiwa kuwa mmea wa kifahari. Ukifungwa kwenye chombo kidogo, mizizi hubanwa na mti hubaki mdogo kwa miaka mingi, huku ukinenepesha shina chini. Unavumilia hewa kavu kuliko mmea wowote niliowahi kuutaja mbele yenu, na hata ukisafiri likizo ya Desemba kwenda kwenu kijijini utaukuta. Masharti yake ni dirisha lenye mwanga mkali na subira.

Mbegu iko sokoni Majengo, lakini iwe ya mabuyu mabichi kwa maana ya yasiyopikwa. Ule ubuyu mwekundu wa sukari tunaowanunulia watoto umepita jikoni, na mbegu iliyopikwa haioti hata ukiisubiri mpaka mvua mbili. Chukua buyu lenyewe, ulipasue, loweka mbegu usiku kucha mpaka unga wake uachie, kisha uzioshe. Ganda lake ni gumu sana na halipitishi maji, kwa hiyo kwangua upande mmoja kwa msasa au kwenye jiwe mpaka uone rangi ya ndani imejitokeza kidogo tu, halafu zilowekwe tena kwa siku moja katika maji yaliyochemshwa na kuepuliwa. Zile zitakazovimba ndizo za kupanda, kina cha sentimita moja hadi mbili, katika mchanga mwingi. Mbegu za mbuyu hazina nidhamu: moja huchomoza baada ya wiki moja, nyingine baada ya mwezi, na nyingine haiji kabisa, kwa hiyo panda sita ili upate mbili. Usishangae majani ya mwanzo yakiwa jani moja moja. Yale ya vidole yaliyoupa mti jina la kitaalamu la Adansonia digitata huja baadaye.

Jambo moja tu linaua mbuyu wa ndani, nalo ni huruma ya maji. Wakati wa kiangazi utapukutisha majani, pengine yote, na mwenyewe atadhani unakufa na kuanza kuumwagilia kila siku. Mti umelala. Una mzizi mnene uliojaa akiba, na mzizi huo ukikaa kwenye maji baridi bila majani ya kuyavuta, huoza. Ukipukutisha, punguza maji mpaka karibu kuyaacha, na uanze tena utakapoona vichipukizi.

Nitataja mengine kwa kupita. Pilipili mbuzi au pilipili kichaa, mbegu zikitolewa kwenye tunda lililoiva, huota ndani ya wiki moja hadi tatu na huishi zaidi ya mwaka. Ikichanua ndani ya nyumba, ambako hakuna nyuki wala upepo, gonga maua taratibu kwa kidole ili chavua idondoke. Giligilani ya dukani huota pia, lakini kwa joto letu hukimbilia kutoa maua kabla hujashiba majani yake, hivyo isieni wakati wa baridi tu. Kwa wenye watoto, kifauongo kinachokunja majani kikiguswa kinafurahisha kuliko runinga, nacho huota kwa urahisi mbegu zikilowekwa kwenye maji ya moto kiasi. Ila kina miiba, hakiliwi, na kikitoroka nje ni gugu sumbufu, kwa hiyo kibaki dirishani.

Kuna maneno matatu ambayo huwa ninayasikia na ambayo sitaki yaondoke hapa bila kujibiwa. Wengine husema mmea chumbani usiku unamaliza hewa. Ni kweli kwamba mimea hupumua usiku, lakini kiasi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na mtu mmoja anayelala kitanda hicho hicho. Wengine husema mmea husafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo ilienea kutokana na majaribio ya NASA yaliyotangazwa mwaka 1989, ambayo yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Katika chumba chenye madirisha ungehitaji mimea mingi kiasi cha kukosa pa kukanyaga, na kufungua dirisha kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi. La tatu ni kwamba mrehani na kivumbasi hufukuza mbu. Majani yakifikichwa au kuchomwa hutoa mafuta ambayo mbu hawayapendi, lakini mmea uliotulia kwenye kopo hautawalinda watoto. Chandarua kibaki palepale.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja na mbegu za mrehani wa nyumbani kwangu. Zimefungwa kwenye vikaratasi, ziko juu ya ile meza karibu na daftari la mahudhurio, na kila kaya ichukue kikaratasi kimoja. Mkishavuna majani ya kutosha, acheni tawi moja lichanue na likauke mpaka vikonyo vya maua viwe vya kahawia, mvifikiche juu ya karatasi, mpulize makapi, na mbegu mziweke ndani ya bahasha mahali pakavu pasipo na jua, mkiandika mwezi na mwaka. Wale wenye mabuyu mazima nyumbani waniletee mawili au matatu kabla ya mvua, nitawaonyesha vijana namna ya kuzikwangua mbegu bila kujikata.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.